Cheti cha Kutokuwa na Cheti

Kerubo mwanangu,

Sikuulizi hali, maana hali yako naisikia. Uko hapo chumba cha pili unapigana na zipu ya sanduku, na baba yako amekalia kifuniko huku akikushauri utoe viatu ambavyo sote tunajua hutavitoa. Mimi nimejifungia jikoni nikisingizia kuosha vyombo. Vyombo vilikwisha zamani. Naandika.

Viza imetoka. Acha nirudie kwa raha zangu: viza imetoka, umeichapisha nakala tatu, na kesho asubuhi unapanda ndege kwenda kuolewa Thailand. Waliosema hutaenda na waje wakubebee sanduku.

Maagizo sitakupa. Koti huhitaji kule. Pilipili za kule zilishakutoa machozi kwenye migahawa ya Kithai hapa hapa Saint Paul, kwa hiyo mnajuana. Habari ya kunipigia simu kila Jumapili sitaitaja hata kidogo, kwa sababu unaijua.

Nakuandikia Kiswahili, na najua utasoma polepole ukisogeza midomo. Vizuri, soma hivyo hivyo. Nilifundisha Kiswahili darasa la sita na la saba kule Kisii kabla sijaja huku Marekani kuwa mtu wa kuogesha wazee Champlin. Watoto wa wenzangu walifaulu wote. Wangu mwenyewe nikimwita aje ale ananijibu "Coming, Mom," na mpaka leo sijui nilikosea wapi.

Nataka kukueleza habari ya neno moja lililotaka kukuvunjia harusi. Neno hilo lilishawahi kunila miaka mimi kabla yako, lakini ulipokuwa umekasirika nilikueleza nusu tu. Leo nakupa lote.

Nianze na siku ya mahari, kwa sababu ndipo kichwa changu kilipovimba. Unakumbuka sebule hii ilivyojaa, viti vya kuazima kanisani mpaka kwenye korido, majirani wa Columbia Heights wakichungulia wajue kuna nini. Kabla ya siku ile nilikuwa nimekusumbua sana kuhusu Kop, mchumba wako, na ninakiri nilifurahia kukusumbua. Ulipokuja kuniambia kwamba jina lake la pasipoti ni Thanakorn lakini nyumbani wanamwita Kop, na kwamba Kop maana yake ni chura, nilikuuliza kama wanaume wa Kisii wameisha. Ukanieleza kwamba kwao kila mtoto hupewa jina la nyumbani, mwingine Kaa, mwingine Nguruwe, na hakuna anayeona ajabu. Nikasema basi, afadhali chura. Akina mama wa kanisani waliponijia na huruma zao, eti Mama Kerubo pole, eti mtoto anakwenda mbali kwa watu wasiojua hata sala, niliwajibu kwa methali niliyoifundisha miaka yote: kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Nimefika kwenye gari ndipo nikakumbuka chura ni nani. Nilicheka peke yangu mpaka nikashindwa kuwasha gari.

Siku ikafika, Kop akaingia na shangazi yake wa Saint Paul. Baba yako mdogo Mogaka, msemaji wetu, alikuwa amejiandaa kwa hotuba ndefu ya kuzunguka, ile ya tumeona mgeni amepotea njia, labda anatafuta mbuzi. Hakuipata nafasi. Shangazi aliweka sinia mezani, akafunua kitambaa, na mkufu wa dhahabu ukalala pale juu ya maua mbele ya macho ya watu wote. Sisi kwetu bahasha huingia chumbani kwanza, wanaume wanafunga mlango, kisha wanatoka na nyuso za msiba hata kama wamefurahi. Mogaka alibaki na mdomo wazi na mbuzi wake wa methali. Shangazi akacheka, akasema kupitia kwa Kop, "Hata kwetu mwanamume haji mikono mitupu, mama. Ila sisi hatufichi."

Nilimpenda mama yule papo hapo. Tukapiga simu Kisii, babu yako akasema ng'ombe aliotumiwa wamefika na mmoja ana mimba, nikapiga vigelegele ambavyo havijawahi kusikika jengo hili. Tangu saa ile nikamwita Kop mkwe wangu. Kanisani wakakutangaza kwa jina la mumeo. Wewe uliona haya kidogo, mimi nilivimba.

Basi ndiyo maana usinishangae kwa lile lililofuata. Kop alikuwa ameshakwenda kwao kutengeneza nyumba, na wewe ulikuwa umekaa kiti hiki nilichokalia sasa, kompyuta mbele yako, unaomba viza. Ukaniita.

"Mom, wanauliza hali ya ndoa. Niweke single, ama? Harusi si bado?"

Nilikuwa nasonga ugali. Sikugeuka hata shingo. "Single ya wapi? Ng'ombe wamefika, dhahabu iko shingoni mwako, Mogaka amekula mbuzi. Andika umeolewa."

"Lakini sina cheti."

"Cheti ni mambo ya ofisi. Sherehe ni sherehe. Ndoa yako ilifungwa hapa sebuleni, na mimi nilikuwapo."

Ulimpigia Kop akuokoe, na yeye maskini akazidi kukuzamisha. Akasema hata kwao, sinia likishapokelewa watu huanza kuwaita mume na mke. Ukabonyeza. Ukaomba viza ya mke wa raia wa Thailand, na mimi nikapakua ugali nikiwa nimeridhika kabisa.

Nilikuwa mwalimu, Kerubo, tena mwalimu wa lugha, na ningepaswa kuliona. Kiswahili hakisemi "single". Kiswahili kinasema hajaolewa, na ile "ja" katikati nimeichora ubaoni mara elfu: jambo halijawa, lakini mlango uko wazi. Ulikuwa hujaolewa. Lilikuwa ndilo jibu, zuri, lisilo na aibu yoyote. Mimi nilisikia "single" nikafikiri wanasema mwanangu hana mwenyewe.

Jibu la ubalozi lilikuja la heshima na fupi. Kwa kuwa umeolewa na raia wetu, tafadhali tuma cheti cha ndoa. Taja mahali ilipofungwa na ofisi iliyoisajili.

Uso wako siku ile sitausahau. Ulikuwa umeshaacha kazi kliniki. Chumba chako cha kupanga mtaa wa Phillips ulishakirudisha, vitu vyako viko kwenye maboksi nyuma ya kochi langu. Familia ya Kop ilishachaguliwa siku njema na mtawa wao, na bibi yake, ambaye hasikii vizuri na haamki tena kitandani bila kushikwa, alikuwa anauliza kila asubuhi kama bibi harusi amefika. Ukisema umeolewa, uonyeshe cheti ambacho hakipo. Ukisema hujaolewa, umeidanganya serikali ya watu ambao unataka kwenda kuishi kwao.

"Wataniona mwongo, Mom," uliniambia. "Wanaweza kunikatalia milele." Ukafunga kompyuta. "Na nilikuuliza. Si nilikuuliza?"

Uliniuliza, ndiyo. Kisha ukanyamaza. Ulikuwa unaingia jikoni, unachukua maji, unatoka bila kunisalimu, na kwetu mtoto kumpita mama yake bila salamu si jambo dogo. Sikukugombeza. Baba yako alitaka kusema neno nikamkanyaga mguu chini ya meza, kwa sababu yeye na mimi tulijua jambo ambalo wewe hukulijua.

Sasa sikiliza. Ulipokuwa hujafikisha mwaka, nakubeba mgongoni, baba yako alisikia habari za bahati nasibu ya grini kadi, ile ya kuhamia Marekani. Akaniambia, kabla sijajaza ile fomu, hebu twende wilayani tukaandikishe ndoa yetu. Nilimcheka. Nilimwambia ng'ombe aliowatoa kwa baba yangu wameshazaa, na ndama wao wamezaa, sasa anataka kunioa mara ya pili kwa karatasi? Au kuna mtu anayetaka kumwonyesha? Niliyasema hayo mbele ya dada zake ili nao wacheke, na walicheka sana. Mwanamume akichekwa mbele ya dada zake harudii jambo. Akaenda saiba, kwenye kompyuta za kulipia, peke yake, akafika kwenye swali lile lile lako, hali ya ndoa. Hakuwa na karatasi ya kuonyesha. Akaandika hajaoa. Hata wewe hakukuandika, alidhani mtoto anamfuata mama.

Hakuwa na nia ya kututupa. Alidhani wanauliza habari ya karatasi tu, na karatasi nilikuwa nimeikataa mimi. Jina lake likatoka. Shangwe ile, mwanangu, kijiji kizima. Ndipo tukaambiwa kwamba mtu huyu kwenye faili hana mke wala mtoto, na asiye kwenye faili hapandi ndege. Akaja Minnesota peke yake kwenye baridi ambayo hakuwa ameivalia. Alipopata nauli ya kurudi mara ya kwanza tulikwenda wilayani, na safari hiyo mimi ndiye niliyetangulia mbio. Tukasajili, akaanza kutuombea viza. Foleni ile ilikula miaka. Alipoondoka ulikuwa ndiyo kwanza unaanza kusema, na tulipomfuata ulikuwa umeshang'oa meno ya mbele.

Unasema huukumbuki uwanja wa ndege. Mimi naukumbuka. Baba yako alikuwa amesimama na puto na koti la rangi ya waridi la saizi ya mtoto mdogo, kwa sababu kichwani mwake ulikuwa bado mdogo. Ulijificha nyuma ya sketi yangu ukaniuliza kwa Kiswahili safi, wakati ule ulikuwa nacho, "Mama, huyu mjomba ndiye atakayetupeleka kwa baba?" Alisikia. Alicheka pamoja nasi, kisha akaenda kuleta gari, na alichelewa sana kurudi.

Baba yako alikuwa na mke akaandika hana. Wewe ulikuwa huna mume nikakuandikisha unaye. Swali ni lile lile, na mara zote mbili aliyekuwa nyuma ya jibu ni mimi na mdomo wangu. Nilipokuona ukipita jikoni bila kunisalimu nilihisi kama naiona foleni ile inaanza upya, safari hii imekushika wewe, na bibi wa watu anakufa akikungoja. Niliumia sana, Kerubo. Niliumia kuliko nilivyokuonyesha.

Aliyenitoa kwenye shimo hilo ni mama yake Kop. Unakumbuka tulivyompigia kwa video, sisi tumejipanga kwenye kochi kama wanafunzi waliovunja dirisha, Kop akitafsiri. Nilimweleza kosa langu lote. Akacheka mpaka simu ikamponyoka tukabaki kuona dari ya nyumba yake. Aliporudi akatueleza yake. Na wao walioana kwa ngoma na maandamano, wazee wakawamwagia maji mikononi, mtaa mzima ukala. Wilayani hawakwenda. Waliishi hivyo mpaka Kop akafika umri wa shule, na ofisa mmoja akamwambia baba yake usoni kwamba kwa sheria mtoto yule si wake, kwa kuwa hajamwoa mama yake. Mama alikwenda kusajiliwa siku hiyo hiyo akiwa bado amevaa aproni ya jikoni. Akatuambia, na Kop akatafsiri akiwa ameona haya: "Msifanye kama sisi. Wilayani kwanza. Ngoma baadaye."

Mama wa Kisii na mama wa Thailand, kosa moja. Nililala vizuri usiku ule kwa mara ya kwanza. Asubuhi nikaomba ruhusa kazini tukapanda basi kwenda mjini.

Ile ofisi ya kaunti siipendi kwa taa zake, lakini yule dada wa dirishani nitamwombea. Ulimweleza unataka karatasi ya kuonyesha kwamba hujaolewa. Akaandika jina lako, akasaka, akatazama skrini, akasema hakuna kitu. Nikamuuliza kama amesaka vizuri. Ulinifinya. Akasaka tena. Hakuna. Akachapisha karatasi yenye muhuri inayosema wametafuta ndoa yako kwenye vitabu vyao na hawakuiona. Nimeishi miaka mingi katika dunia hii, nimeona cheti cha kuzaliwa, cha ubatizo, cha ualimu na cha kifo. Cheti cha kutokuwa na cheti sikuwahi kukiona. Nilikibeba kwenye mkoba wangu kwenye basi nimekikumbatia, na wewe ukatazama dirishani ukijizuia kucheka.

Kisha ikabidi tuandike maelezo. Nilitaka kuyaandika mimi, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Nikaandika Kiswahili, wewe ukageuza Kiingereza, na hapo ndipo tulipogombana vizuri kama watu wazima. Nilikuwa nimeandika umeposwa. Ukasema basi, "engaged".

"Engaged ni pete," nikakwambia. "Huyu ametolewa ng'ombe."

"Mom, ubalozi haujui ng'ombe."

"Basi waelimishe."

"Wakielimika watasema nimeolewa! Ndipo tulipokwamia."

Baba yako, ambaye alikuwa anajifanya kutazama mpira, akasema bila kugeuka, "Andikeni familia zimekubaliana, sheria bado." Tulitazamana. Ukaandika hivyo hivyo. Ukaongeza kwamba mama yako alikosea kwa furaha. Nilitaka kukukatalia hilo, lakini nilipolisoma nikaona ni kweli. Tukatia sahihi, mimi na Mogaka, mbele ya yule wa kushuhudia sahihi kwa mihuri pale benki. Ombi la kwanza ukaliondoa, ukapeleka jipya la mtu anayekwenda kufunga ndoa. Viza ya mke utaigeuzia kule kule, mkishasajili. Asubuhi iliyofuata uliingia jikoni ukasema, "Umeamkaje, Mama?" Kwa Kiswahili. Nilikumiminia chai mpaka ikafurika kikombe.

Ujumbe wako wa kwamba imetoka ulinikuta kazini, namlisha uji bibi mmoja ambaye kila siku ananiita jina la dada yake. Nilisoma, nikaweka kijiko chini, nikacheza kwenye korido ile na viatu vyangu vya mpira. Msimamizi akatoka kuuliza kuna nini. Nikamwambia tumeshinda. Hakuuliza tumemshinda nani, akacheza na yeye. Bibi akapiga makofi akasema nilijua siku zote utaolewa, dada. Nikasema asante.

Nilitaka kuishia hapa kwenye ushindi, lakini kuna kipande kimoja bado, na hiki hakina ubalozi wa kukusaidia. Tulipofika huku hatimaye, mimi na baba yako tukiwa na karatasi zetu zote, nilimwadhibu. Majira yale yote ya baridi ya kwanza nilimwadhibu. Nilikuwa nimekaa miaka nikilala peke yangu, nimejifunza kuamua kila kitu, na sasa kuna mwanamume ananiambia taka zinatolewa Alhamisi. Alikuwa amejifunza kupika. Nilikasirika hata kwa hilo, nikaona alikuwa anaishi vizuri bila mimi. Kila alilonionyesha nilisema ninajua, na sikuwa najua chochote, sikujua hata kupanda basi la Central Avenue. Siku moja nilipotea kwenye theluji nikaona haya kumpigia. Nilitembea mpaka miguu ikafa ganzi. Aliponikuta alinivua soksi akaniwekea miguu tumboni mwake chini ya shati. Nilianza kumpenda upya siku ile, lakini nilikuwa nimeshapoteza majira mazima kwa kiburi.

Wewe kule utakuwa mgeni kama nilivyokuwa. Kop atakuwa anajua kila kitu: namna ya kulipa umeme, neno la kumwambia muuza matunda, viatu unavua wapi. Utachoka kuonyeshwa. Mimi nilichoka. Muulize tu, hata ukiona haya, na ukipotea mpigie. Na yeye akikuuliza jambo mbele ya dada zake, usimcheke ili wao wacheke. Hilo moja nakuomba, maana ndilo lililonigharimu kuliko yote.

Habari ya dini tumeshaongea, na unajua ninavyoumia kidogo na unajua nimekubali. Sali kwa lugha yoyote. Mungu hajibu "Coming, Mom".

Sasa kilichobaki. Bangkok utakwenda ubalozi wa Marekani, utainua mkono, utaapa kwamba hujaolewa. Apa kwa sauti. Siku hiyo neno hilo litakuwa kweli tupu. Karatasi hiyo itageuzwa Kithai, wizara yao itagonga muhuri, kisha mtaipeleka wilayani kwao Kop, na huko jina lako litaandikwa kwa zile herufi zao zinazojikunja. Kop alinionyesha Kerubo inavyoandikwa. Niliitazama muda mrefu. Ni jina la nyanya yako, na sasa linasomeka kwa watu ambao yeye hakujua wapo duniani.

Wilayani wanataka mashahidi wawili. Kop amekuambia wa kwanza ni mama yake na wa pili ni binamu yake. Nilimwomba akuambie hivyo. Nilikuambia pia kwamba sitakuja kwa sababu kazini wamekataa kunipa likizo, na nilikudanganya. Katika nyumba hii mimi peke yangu ndiye ninayeshikilia bado pasipoti ya Kenya, kwa hiyo nililazimika kuomba viza kama wewe, kwa simu ya Mogaka, nikiwa nimejificha chooni kazini. Sikutaka ujue kabla haijatoka, usije ukaingoja na yangu pia. Swali la hali ya ndoa nililijibu bila kumuuliza mtu. Imetoka juzi. Baba yako amelijua siku zote, na kukaa kimya kumemtesa. Tunasafiri pamoja wiki ijayo.

Kop ameuliza wilayani kama mama Mkenya anaweza kuwa shahidi. Wamesema aje na pasipoti yake. Nitakuja nayo, na kalamu yangu mwenyewe, na nitaandika jina langu lote kwa mwandiko wa ubaoni ili asitokee mtu wa kusema halisomeki. Mwanamke aliyeikataa karatasi yake ataitia sahihi ya mtoto wake.

Kwa hiyo wewe tangulia. Apa, kisha ningoje. Usiolewe kabla sijafika.

Mama